Majani ya Muguka Sakafuni

Kidole cha Thuranira kiko pale pale ulipokiacha: juu ya kitufe chekundu cha kinasa sauti, katika chumba cha nyuma ya kibanda cha Celina, hapa Nchiru. Ni Alhamisi asubuhi. Mlango kaufunga kwa ndani. Kanda ya Gladwell iko kwenye mashine, na hakuna nyingine kama hiyo popote duniani.

Wiki nzima watu wamenishika shati barabarani wakiniuliza, atabonyeza au hatabonyeza. Mama mmoja wa soko la Meru alikataa kunipimia nyanya mpaka nimwambie.

Mama, alibonyeza.

Lakini subiri. Kuna wewe ambaye gazeti hili limekufikia leo likiwa limefungiwa sukari, na hujui hawa ni kina nani. Sogea, nafasi ipo.

Kuni Mbichi ni bendi ya vijana watatu. Gladwell, msichana wa Siakago, ndiye anayetunga, kuimba na kupiga besi. Thuranira wa Laare anapiga gitaa. Nyaga wa Kiritiri anapiga ngoma. Wanapiga panki, muziki wa makelele uliowafikia ndani ya boksi la kanda, lililoachwa na mwalimu wa kizungu wa kujitolea alipokuwa anarudi kwao. Wamekusanya nyimbo zao katika albamu waliyoiita Kitabu Kimeraruka, na ndani yake watu wa vitabu vya fasihi vya shule wamekutana na watu wa ukumbi wa video. Bibi arusi wa tamthilia ya Fomu Tatu, aliyelia kurasa zote, sasa amejifunza karate na bwana harusi anatafuta pa kutokea. Fisi wa ngano za nyanya kavaa miwani nyeusi ya jasusi. Kuna wimbo mzima wa matangazo ya vifo ya redio, unaimbwa kwa kasi ya mtu aliyefukuzwa na nyuki, na katikati yake kunapita tangazo la sabuni.

Na kuna wimbo mmoja ambao Thuranira hajausikia. Unaitwa Ng'ambo.

Huo Gladwell aliurekodi na Nyaga peke yao, milango imefungwa, baada ya kumtuma Thuranira mjini akanunue kamba za gitaa. Thuranira alirudi akawakuta wanacheka kwa Kimbeere, lugha ya kwao wawili. Aliuliza wanacheka nini. Wakamwambia si kitu.

Jamani, mwanamume akiambiwa si kitu, hapo ndipo huwa kitu.

Thuranira alikuwa na jambo moja tu la kupoteza katika dunia hii, nalo ni Gladwell. Celina, mwenye kibanda, alimkamilishia shaka na chapati ya moto: akamwambia kwamba wale wawili wamekuwa wakipiga wimbo wa mapenzi humo ndani, na kwamba yeye kupitia ukuta amesikia mambo ya ngoma kupiga kifuani. Ngoma. Nani anapiga ngoma?

Ndiyo maana Alhamisi hiyo alikuwa ndani ya chumba peke yake. Gladwell alikwenda stendi ya Meru kumpokea Bwana Muriithi, mtu wa Nairobi anayetoa kanda, ambaye alikubali kuja mara moja tu kusikiliza albamu nzima. Nyaga alisema anakwenda Ruiri kutafuta ngozi ya ng'ombe, ngoma yake kubwa ilikuwa imepasuka.

Gladwell si mjinga. Alishavunja vile vimeno viwili vya nyuma ya kanda ili mtu asiweze kurekodi juu yake. Thuranira alitoa chingamu mdomoni, ile aliyokuwa akitafunia miraa, akaziba shimo. Akairudisha kanda mpaka pale wimbo wa vifo unapoishia. Akabonyeza.

Kanda ikazunguka. Yeye akakaa kwenye kreti, akichuna kijiti baada ya kijiti, akitafuna, akiangalia magurudumu mawili yakimla Nyaga.

Sasa sikiliza makosa yake. La kwanza, hakuchomoa maikrofoni. Hilo liweke kando.

La pili lilikuwa la makusudi. Koti la Nyaga lilikuwa limening'inia kwenye msumari, na mfukoni kulikuwa na pakiti ya muguka, binamu wa miraa unaolimwa kwao Mbeere. Nyaga ni mtu wa muguka kama watu wote wa kwao. Thuranira akachota kiganja kizima, akachambua majani, akayamwaga chini ya meza ya mashine. Mengine akayakanyaga kidogo, yaonekane ya mtu aliyekaa hapo muda mrefu akitafuna.

Akatoka akiwa mwepesi kama mtu aliyetoka kuungama.

*

Mchana chumba kilijaa. Bwana Muriithi alikuja na koti la ngozi na pikapu nyeupe, akapewa kiti pekee chenye mgongo. Celina alifunga kibanda akaja na chai bila kualikwa. Wanafunzi wa hosteli za karibu walisimama mlangoni mpaka jua likakosa njia ya kuingia. Nyaga alifika na ngozi begani, jasho limemlowa, akasema Ruiri ni mbali. Akaketi chini. Thuranira alikuwa tayari kwenye kona, gitaa magotini, akilikaza kamba ambazo hazikuhitaji kukazwa.

Gladwell akawasha kanda.

Bibi arusi alipoanza kurusha mateke, Bwana Muriithi aligonga goti. Kwenye matangazo ya vifo alicheka mpaka chai ikamwagika. Gladwell alikuwa hakai, hasimami, anazunguka tu na kutafuna kucha.

"Huu unaofuata," akamwambia, "ndio niliokuitia."

Kanda ikakohoa. Kisha ikaja sauti ya mtu anatafuna.

Hakuna ngoma. Hakuna besi. Kutafuna tu, taratibu, kama mbuzi mzee aliyeshiba, na pumzi ya puani. Jogoo wa Celina akawika mbali.

Gladwell alisimama kama aliyemwagiwa maji. Wanafunzi wakaangaliana. Bwana Muriithi yeye alifumba macho, akaanza kutikisa kichwa pole pole.

"Hii kali," akasema. "Watu wote wanapiga kelele, wewe unawatafunia kwenye sikio. Hii ndiyo panki."

Nasema kweli, Thuranira angeweza kucheka siku hiyo kama si uso wa Gladwell.

Msichana alizima mashine. Akatoa kanda, akaigeuza, akaona chingamu. Aliinama kuangalia chini ya meza, na kila mtu akainama naye, na kila mtu akayaona majani.

Celina ndiye aliyefungua mdomo kwanza, kama kawaida yake. Alisema yeye alijua. Alisema mtu anayekula majani kama mbuzi hawezi kukosa tabia za mbuzi, kwamba Nyaga alikuwa akimtaka Gladwell tangu mvua za mwaka jana, akakataliwa, na sasa ameamua kuharibu. Wanafunzi wa mlangoni wakaguna. Mmoja akamwita Nyaga fala. Bwana Muriithi akafumbua macho, akauliza kama wimbo ulikuwa mwingine.

"Ulikuwa mwingine," Gladwell akasema.

Nyaga hakujitetea. Hilo lilimshangaza hata Thuranira. Alikuwa ameketi na ile ngozi mbichi magotini, anaiangalia kama kitabu.

Thuranira akaona nafasi imefunguka, akajipenyeza. Akasema kwa sauti ya upole kwamba yeye hapendi kumhukumu rafiki, lakini watu waangalie wenyewe. Hapa Meru nani anatafuna muguka? Sisi ni watu wa miraa. Majani hayo yana mwenyewe.

Gladwell aliokota jani moja. Akalikunjua kwenye kiganja. Akalitia mdomoni, akalitafuna.

"Bado tamu," akasema.

Akamgeukia mpiga gitaa.

"Thuranira, wewe ukitafuna miraa unakula nini?"

"Kijiti. Ganda lake."

"Na majani?"

"Natupa."

"Unatupa. Nyumba nzima ya kwenu Laare, sakafu ni majani. Mimi nimezaliwa Siakago, baba yangu analima muguka. Sisi tunakula jani, tunatupa kijiti. Hakuna mtu wa Mbeere aliyewahi kumwaga jani zima chini. Ni kama umwambie mtu amekula githeri halafu umwonyeshe mahindi na maharagwe yote yako kwenye sahani." Akafagia yale majani kwa mguu yakamfikia Thuranira viatuni. "Vijiti viko wapi?"

Mwenzangu, umeona? Mwizi wa Laare alipanga ushahidi akaupanga kwa Kimeru.

Thuranira aliangalia majani. Akaangalia mlangoni, palikuwa pamejaa. Akaweka gitaa chini.

"Ulinituma kamba za gitaa," akasema. "Kamba nilikuwa nazo. Ulikuwa unajua ninazo. Ukafunga mlango na huyu, mkaimba mapenzi, mkanicheka kwa lugha nisiyoijua. Mimi ningefanya nini, Gladwell? Niwashikie mwavuli?"

"Ungeuliza."

"Niliuliza. Mkasema si kitu."

Gladwell alicheka kidogo, kicheko kisicho na raha hata chembe. Alisema walikuwa wanacheka kwa sababu Nyaga alikuwa amesema Thuranira akiusikia huo wimbo atalia mbele za watu, na yeye akabisha kwamba watu wa Laare hawalii, wanatokwa na jasho machoni. Alikuwa ameuficha mpaka leo ili ausikie pamoja na mgeni. Ilikuwa zawadi.

Kisha, bila besi, bila chochote, akaimba ubeti wa pili. Aliuimba akiangalia ukuta wa trei za mayai walizozibandika kuzuia sauti.

*Kamba ilikatika, hakulia,*
*akachomoa waya wa breki ya baiskeli,*
*gitaa likalia badala yake.*
*Mimi nilivuka mto Thuci kwa ajili ya ule mlio.*

Watu wote wa Nchiru wanalijua gitaa la Thuranira. Kamba yake ya tatu ni waya wa breki. Iko hivyo tangu siku ya kwanza Gladwell alipomwona akipiga, kwenye sherehe ya kufunga chuo, kamba ilipokatika akaenda nje akarudi na waya wa baiskeli ya mlinzi.

Na ile ngoma ya kifuani? Ni moyo, Celina. Ukisikiliza kupitia ukuta, usisikilize nusu.

Thuranira alikaa chini. Si kwenye kreti. Chini, juu ya majani. Jasho likamtoka machoni.

*

Kama hadithi ingekuwa yangu ningeifungia hapo, wakumbatiane, Celina alete chai nyingine. Lakini mimi nasimulia tu.

Bwana Muriithi alisema, kwa heshima zote, kwamba yeye amekuja kutoka Nairobi, na angependa kusikia mwisho wa ile ya kutafuna, maana anaitaka kwenye albamu. Gladwell alimwangalia kama mtu anayetaka kurusha kitu. Halafu akachoka. Akarudisha kanda, akaiacha iende, akageukia dirisha.

Kutafuna. Pumzi. Jogoo.

Na hapo, kutoka mbali, mluzi.

Ulikuwa unakuja. Mtu anatembea nje huku anapiga mluzi, furaha yake tu, anakaribia dirisha. Wanafunzi hawakuujua wimbo huo. Celina, aliyeshika maneno tu kupitia ukuta, hakuujua. Thuranira, aliyekuwa chini, hakuujua; asubuhi alidhani ni mpita njia tu.

Gladwell aliujua. Aligeuka pole pole.

Ulikuwa Ng'ambo. Tuni ya ubeti wa kwanza, si ya ule wa pili aliotoka kuuimba. Ukafika karibu kabisa na maikrofoni, ukakatika ghafla, kama mtu aliyechungulia kitu. Kutafuna kukaendelea. Kisha vikasikika viatu vinarudi nyuma, vinakanyaga changarawe taratibu, taratibu, vinakwenda.

Wimbo ule ulijulikana na watu wawili duniani.

"Ulisema ulikuwa Ruiri," Gladwell akasema.

Nyaga alikunja ile ngozi mara mbili. "Nilirudi. Nilisahau koti."

"Ukamwona."

"Nilimwona."

"Kitufe chekundu kimebonyezwa. Wimbo wangu unafutika. Na dirisha ni la kugonga tu."

"Ni la kugonga tu," Nyaga akakubali.

Akaiweka ngozi chini. Akaanza kujieleza kwa Kimbeere, na Gladwell akamkataza. Akamwambia aseme kwa Kiswahili, kila mtu asikie, hapa tumemaliza kucheka pembeni.

"Sawa," Nyaga akasema. "Ulinikalisha humu asubuhi nzima. Piga tena Nyaga, piga laini zaidi Nyaga, hapa ni mahali ananipenda, Nyaga, piga kama moyo. Wewe hujui vile kunachosha, kupiga ngoma ya mapenzi ya mtu mwingine. Nikafika dirishani, nikaona anaufuta mwenyewe kwa mkono wake. Nikasema, acha ufutike."

Hata Celina aliacha kumimina chai, na hiyo iandikwe kwenye historia ya Nchiru.

Thuranira alisimama. Sasa alikuwa na mtu wa kumchukia na ilimpa nguvu. Alimwita nyoka. Alisema yeye alikosa kwa kupenda, lakini Nyaga aliona nyumba inaungua akaota moto. Alisema Nyaga hata kuhusu majani alinyamaza, akaacha lawama imkalie yeye mwenyewe ilmradi wimbo umekufa. Akamshika Gladwell mkono, akamwambia waondoke, watafute mpiga ngoma mwingine, waurekodi upya wao wawili.

Na Gladwell, nawaambia, hakuutoa mkono. Uliachwa pale. Mimi kama ningekuwa Nyaga ningeuona huo mkono mpaka siku ya kufa.

Nyaga aliuona.

"Mwende," akasema. "Lakini kwanza muulize kuhusu kifungu."

Mkono wa Thuranira ukalegea wenyewe.

"Kifungu gani?" Gladwell akauliza.

"Buda, nyamaza," Thuranira akasema.

"Uliniambia wewe mwenyewe, tukitafuna, ukaniapisha. Sasa kiapo cha nyoka ni cha nini?" Nyaga akamgeukia Gladwell. "Jumapili mama yake huyu, Ciakuthii, alipeleka kifungu cha miraa kwa baba wa msichana anayeitwa Nkatha, huko Laare. Si cha kuuza. Kile cha heshima, kilichofungwa kwa majani ya mgomba. Cha kuombea binti. Huyu anajua. Alikaa kimya."

Wewe ambaye si wa Nyambene, huko kwao Thuranira, elewa hivi. Kifungu kile kikipelekwa, baba wa msichana hukiweka. Hakigusi mpaka awaite ndugu zake. Siku akikifungua, wakakitafuna pamoja, neno limeshikwa, na ng'ombe wa mahari wanaanza kutajwa. Akitaka kukataa, anakirudisha kikiwa kimefungwa.

Thuranira alianza kusema mengi kwa pamoja. Kwamba ni mama, si yeye. Kwamba mama alikuwa mgonjwa wa presha na hakutaka kumpandishia. Kwamba Nkatha ni mtoto wa jirani, hata hawajawahi kuzungumza ila salamu. Kwamba angekwenda kusema hapana Ijumaa, au Jumamosi, wakimaliza kanda.

"Wanakifungua lini?" Gladwell akauliza.

Thuranira akaangalia viatu vyake.

"Nyaga, lini?"

"Leo. Ng'ombe wakirudi nyumbani."

Gladwell alichomoa kanda kwenye mashine. Akabandua ile chingamu kwa ukucha, akaibandika kwenye gitaa la Thuranira, juu ya waya wa breki. Alifanya hivyo kwa utulivu, kama mtu anayebandika stempu.

Ulikuwa wivu huo? Mimi nimemwona Gladwell akipasua maikrofoni kwa meno jukwaani Chuka na akicheka. Sikuwahi kumwona akiwa mtulivu hivyo.

Kisha akamgeukia Bwana Muriithi, akamwuliza kama pikapu yake ina mafuta.

Bwana Muriithi alisema ina mafuta ya kumfikisha Nairobi. Gladwell akasema vizuri, basi inayo ya kutosha. Akatia kanda kwenye mfuko wa koti lake. Wanafunzi wakampisha mlangoni bila kuambiwa. Alipofika nje aligeuka mara moja, akawatazama wote wawili, wa gitaa na wa ngoma, wamesimama pamoja kama wageni waliokosa kiti.

"Jumamosi tuna shoo mjini na ukumbi umelipiwa," akasema. "Mje na vyombo. Huo wimbo nitauimba. Una ubeti wa mwisho ambao hamjausikia, hata wewe Nyaga, kwa sababu una jina, na jina sijaliandika bado."

Bwana Muriithi akashika usukani, Gladwell akaketi kando yake, pikapu ikawaka.

Thuranira na Nyaga walitoka mpaka barabarani, bega kwa bega, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuna aliyekuwa anatafuna chochote. Celina aliwafuata na birika mkononi. Gari lilipanda changarawe likafika kwenye lami. Upande mmoja ni Meru mjini, na njia ya Nairobi ni hiyo hiyo. Upande wa pili ni Maua, na mbele ya Maua ni Laare, ambako Gladwell hana ndugu, hana shangazi, hana hata mtu wa kumpa maji.

Taa ya kuonyesha kona ikaanza kuwaka na kuzima.

"Maua," Celina akasema.

Pikapu ikakata kona, ikaelekea Maua, na jua lilikuwa bado juu. Ng'ombe wa baba yake Nkatha walikuwa bado malishoni.